MALI BILA DAFTARI

Katika maduka mengi ya mitaani, juu ya kaunta, utayakuta maneno haya yamebandikwa ukutani: Mali bila daftari hupotea bila habari. Leo tunayachukua maneno hayo kutoka dukani, tunayapeleka porini, Rungwa, Moyowosi, Maswa na Selous, mahali ambapo mali ya Watanzania huuzwa kwa risasi moja moja.

Kila mwaka karibu na mwezi wa Juni, malori huondoka Arusha na Dar es Salaam yamebeba mahema, magodoro, majokofu na mapipa ya dizeli. Vijana wa vijijini huitwa kufyeka barabara zilizozibwa na masika, kuchoma majani, kusafisha kiwanja cha ndege na kujenga vibanda vya nyasi. Tarehe 1 Julai msimu hufunguliwa. Ndege ndogo inatua, anashuka mgeni mmoja, pengine na mkewe, na sanduku refu lenye bunduki. Kambi nzima ya watu 20 au zaidi imesimamishwa kwa ajili yake yeye. Kuna mpishi, dobi, dereva, wafuata nyayo, wachuna ngozi, na askari wa wanyamapori wa kuangalia kwamba sheria inafuatwa. Atakaa siku 21, kisha ataondoka, na ndege itamleta mwingine.

Biashara hii ndiyo iitwayo uwindaji wa kitalii. Wako wenzetu wanaoiona kuwa ni ukatili mtupu, na wako wanaoisifu kana kwamba ni neema iliyoshuka mbinguni. Gazeti hili leo halitaki kuanza na laana wala sifa. Linataka kuanza na hesabu.

Sheria yetu ya wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, inasema wazi kwamba wanyama wote wa porini ni mali ya umma, na Rais anaishika mali hiyo kama mdhamini wa wananchi. Basi simba wa Rungwa ni wako wewe msomaji, kama alivyo wa mvuvi wa Kilwa na mwalimu wa Songea. Kampuni ya uwindaji haina simba hata mmoja. Haina hata ardhi. Ina kitalu ilichokodishwa, ambacho huko Selous kilikuwa kwa wastani na ukubwa wa kama kilomita za mraba 1,000, yaani zaidi ya nusu ya kisiwa cha Unguja. Pamoja na kitalu hupewa mgawo: mwaka huu nyati kadhaa, chui kadhaa, simba mmoja au wawili, basi.

Inauza nini, basi, kampuni hii isiyo na mali? Inauza siku. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo kila mwanachama anapaswa kulielewa, maana bila hilo atadanganywa na kila mtu. Ada ya mnyama aliyeuawa huenda serikalini. Kampuni hujipatia chakula chake kwa siku ambazo mgeni anakaa kambini. Kwa miaka mingi kanuni zilitaka mtu anayewinda simba achukue safari ya siku 21. Anayetaka nyati tu aliweza kuja kwa siku saba akaenda zake. Kwa hiyo simba mmoja katika mgawo ndiye aliyeuza wiki tatu. Ukimwondoa simba, kambi ile ile, yenye barabara zile zile na majokofu yale yale, hubaki ikiuza siku saba saba. Ndiyo maana zamani palikuwa na tamaa ya kupiga hata simba vijana, na ndiyo maana kanuni ikaja kwamba simba wa kuwindwa awe ametimiza miaka sita. Kanuni hiyo haikutoka katika huruma peke yake. Dume kijana akiuawa kabla ya kulea watoto wake, madume wengine huingia na kuwaua wale watoto, na kitalu hukosa simba kwa miaka ijayo. Anayeua mbegu asilie njaa.

Sasa tufanye hesabu ya mfano. Hatuisemi kampuni yo yote. Tarakimu ni zetu, za kiasi, tumeziweka ili jambo lifuatike hata na asiyekaa ofisini. Tuseme kampuni imepata wageni sita kwa msimu, kila mmoja siku 21, na kila siku dola 2,000. Hapo zimeingia dola 252,000. Kumbe mgeni hakuja mwenyewe. Ameletwa na wakala aliyeko ng'ambo, naye hukata kamisheni yake, tuseme asilimia 15. Zimeondoka dola 37,800. Ada ya kitalu tuseme dola 30,000. Mwindaji bingwa anayemwongoza mgeni tumpe dola 250 kwa siku, siku 126, inakuwa dola 31,500. Magari, dizeli, chakula, ndege, vipuri na mahema, dola 90,000. Tunafika sasa kwa wafanyakazi 20 wa kambi. Tuwape kila mmoja shilingi 300,000 kwa mwezi, miezi sita. Zote pamoja ni shilingi 36,000,000, na tukihesabu dola moja kwa shilingi 2,500, ni dola 14,400.

Kampuni imebaki na dola 48,300, na bado haijalipa kodi ya mapato wala ofisi yake ya mjini. Mwenye kampuni atakuambia kwamba biashara ni ngumu, na hasemi uongo. Wageni wawili tu wakivunja safari, faida yote imekufa, kwa sababu barabara zimekwisha kufyekwa na ada ya kitalu imekwisha kulipwa. Mtu asiyekubali hilo hajawahi kuendesha hata kibanda cha chai.

Lakini turudi nyuma kidogo, tuzitazame tena tarakimu mbili. Wakala aliyeko ng'ambo amepata dola 37,800. Wafanyakazi wote 20, walioamka saa kumi alfajiri kuwasha moto, waliotembea juani nyuma ya damu ya nyati aliyejeruhiwa, walioumwa na mbung'o tangu Julai hadi Desemba, wamepata dola 14,400. Mtu mmoja ambaye hakukanyaga nchi hii amewazidi watu 20 zaidi ya mara mbili na nusu. Kwa nini? Hana simba, hana kitalu, hana hata panga. Anacho kitu kimoja tu: anamjua mgeni. Anakaa katika maonyesho ya wawindaji ambayo hufanyika Marekani kila mwanzo wa mwaka, Dallas na kwingineko, anafungua kitabu cha picha, anapokea arubuni. Yeye ndiye ameshika daftari la wateja, na mwenye daftari hula kwanza.

Tena hapo hatujahesabu yale ambayo mgeni hulipa nje ya daftari letu kabisa. Bunduki amenunua kwao. Tiketi ya ndege kubwa amenunua kwao. Ngozi na fuvu vikifika kwao, fundi wa huko hulipwa kumsimamisha yule simba kama aliye hai, na kazi hiyo si ya bei ndogo. Kwetu nyara hutiwa chumvi, hufungwa katika makasha, husafirishwa. Ni mwendo ule ule wa pamba na korosho: tunauza ghafi.

Vijana wasidhani kwamba mambo haya yameanza jana. Mwaka 1896 Gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kuzuia uwindaji katika nchi hii bila kibali. Babu aliyekuwa akiwinda kulisha nyumba yake akajikuta mhalifu, na bwana aliyekuwa akiwinda kwa furaha yake akajikuta mwungwana mwenye karatasi. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alipita Kenya kwa safari kubwa yenye wapagazi kwa mamia, na Nairobi ikajifunza kwamba safari ni biashara. Mwaka 1934 wawindaji wa Kizungu walianzisha chama chao huko huko Nairobi, na kazi ikapata jina na heshima. Lakini mtu aliyeisoma alama ya kwato juu ya jiwe, aliyejua kwa harufu kwamba tembo yuko nyuma ya kichaka kile, yeye aliitwa mbeba bunduki. Alisifiwa katika vitabu vyao, naam. Mshahara haukufuata sifa.

Baada ya Uhuru tulijaribu njia mbalimbali. Mwaka 1973 Serikali ilisimamisha uwindaji. Ulipofunguliwa tena mwaka 1978, kazi ilikuwa mikononi mwa shirika la umma, TAWICO, lililoundwa mwaka 1974. Mwaka 1988 Idara ya Wanyamapori ikachukua ugawaji wa vitalu na makampuni ya watu binafsi yakaingia kwa wingi. Hapo ndipo, kwa maoni yetu, tulipofanya kosa ambalo mpaka leo tunalilipia. Vitalu viligawiwa mezani, bila mnada. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kila kitalu kilitozwa dola 7,500 kwa mwaka, kiwe kimejaa simba, kiwe kimebaki na nyani. Mwenye duka la sabuni asingefanya hivyo! Matokeo yake yalikuwa yale yale ambayo yangetokea kwa kiwanja cha mjini: wako waliopewa kitalu kwa bei ya chee, hawakununua hata hema, wakakikodisha kwa mgeni kwa bei ya kweli, wakakaa mjini wakila tofauti.

Tunasema hili kwa uchungu, kwa sababu wengi wa watu hao walikuwa ni sisi. Walikuwa wazalendo kwa karatasi. Sheria ya 2009 ilitaka makampuni ya kigeni yasizidi asilimia 15, na kampuni moja isishike vitalu zaidi ya vitano. Shabaha ilikuwa njema sana. Lakini Mwafrika anayekodisha jina lake kwa mwingine hakuchukua biashara mikononi mwake. Ameuza saini tu. Wizara yenyewe ilikuwa imetoa sera mwaka 1995 iliyopendekeza ushindani wa bei, na sera hiyo ikalala kabatini miaka mingi. Mnada wa vitalu kwa njia ya mtandao ulianza mwaka 2019, chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA. Robo karne ilipita kati ya wazo na tendo.

Na mnada ulipofika, soko lilikuwa limekwisha kupoa. Mwaka 1976 tembo wa Selous na maeneo yanayoizunguka walihesabiwa wakapita 100,000. Hesabu ya mwaka 2013 ilikuta kama 13,000. Ujangili ulikuwa umekula mali yetu mbele ya macho yetu. Aprili 2014 Marekani ikakataa nyara za tembo kutoka Tanzania. Januari 2016 ikaweka masharti mazito juu ya nyara za simba. Mgeni asiyeweza kupeleka ngozi nyumbani haji. Makampuni mengi yalirudisha vitalu serikalini. Kalamu moja ofisini kwa watu, ng'ambo ya bahari, na kambi za Tabora na Rukwa zikakosa moto. Hiyo ndiyo hatari ya kuuza kitu kimoja kwa mnunuzi mmoja, na tuliwahi kuionja katika mkonge.

Tumefika sasa kwa mtu ambaye katika hesabu yetu ya mfano hakutajwa kabisa: mwanakijiji anayepakana na kitalu.

Huyu hapokei mgeni, wala haalikwi kambini. Anapokea tembo usiku katika mahindi. Analala juu ya dungu mwezi mzima, anapiga debe, na asubuhi mke wake anahesabu mashina yaliyosalia. Kwa kanuni za mwaka 2011 mtu akiuawa na mnyama mkali, jamaa zake walipewa kifuta machozi cha shilingi 1,000,000. Kwa fedha ya wakati ule hazikufika dola 700. Katika miaka hiyo hiyo ada ya Serikali kwa simba mmoja aliyepigwa na mgeni ilikuwa dola 4,900. Msomaji aziweke tarakimu hizo mbili pamoja. Simba akifa, hazina ilipata dola 4,900. Baba akifa kwa simba, watoto walipata chini ya 700. Hatusemi kwamba mtu hupimwa kwa fedha. Tunasema kwamba mwanakijiji anajua kuhesabu, na akikuta hesabu namna hiyo, usishangae akimwona mwenye tego la waya asimtaje kwa mtu.

Ziko njia zilizowekwa ili kijiji kipate. Sehemu ya ada ya wanyama, robo yake, ilipangwa kurudi kwenye halmashauri za wilaya ambako uwindaji unafanyika. Ziko pia Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori, zilizotokana na sera ya 1998 na kanuni za 2002, ambapo vijiji hutenga ardhi yao na kugawana mapato na Serikali. Ni mwanzo mwema. Lakini muulize mwenyekiti wa kijiji: je, unajua mwaka jana ziliuzwa siku ngapi za uwindaji katika ardhi yako? Je, unajua mgeni alilipa kiasi gani huko alikolipia? Atakuambia kwamba zilikuja fedha, tena zilichelewa, na barua iliyokuja nazo ilikuwa na jumla tu. Namibia walifanya vingine. Tangu sheria yao ya mwaka 1996, jumuiya za vijiji zilizosajiliwa hukaa mezani na mwenye kampuni, hutia saini mkataba wenyewe, hupokea ada wenyewe, na nyama hugawiwa wenyeji. Na sisi tuna watu wenye akili kama wao.

Kwa nini basi tusifute uwindaji wote, tukamaliza? Wenzetu wa Kenya walifuta mwaka 1977. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba tangu mwaka ule wanyama katika nyanda zao za malisho walipungua kwa karibu asilimia 68. Hatudai kwamba kufuta uwindaji ndiko kulikowaua. Watu wameongezeka, nyua zimejengwa, ukame umekuja. Tunasema tu kwamba kufuta hakukuwaokoa. Kwetu sehemu kubwa ya vitalu ni miombo mizito yenye mbung'o, ambamo mtalii wa kamera hatembei siku nzima ili aone swala mmoja. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous iligeuzwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na panapofaa utalii wa picha tunaunga mkono. Lakini kitalu kilichorudishwa kisipate mtu, barabara zake huota miti, na anayezitumia kwanza ni jangili. Habari ya Loliondo, ambako uwindaji wa kampuni ya Uarabuni na malisho ya Wamasai vimegongana tangu miaka ya 1990, inataka tahariri yake peke yake na hatutaipitia kwa mbio hapa.

Wala hatukubali wale wasemao kwamba tuwaachie wenye mitaji, wao ndio waijuao kazi. Kazi wanaijua wafuata nyayo. Wasichokuwa nacho ni bunduki kubwa ya kumsimamisha nyati anayekuja mbio, Kiingereza cha kumtuliza mgeni mwoga, cheti cha huduma ya kwanza, na nauli ya kwenda Dallas. Vitu hivi vyote hununulika au hufundishika. Tuna Chuo cha Mweka tangu 1963 na Pasiansi tangu 1966. Vyuo hivyo vimetoa askari na wahifadhi ambao Afrika nzima inawajua. Tunataka sasa mfuata nyayo wa miaka 15 aruhusiwe kufanya mtihani wa mwindaji bingwa kwa Kiswahili, apewe mkopo wa bunduki kama mkulima anavyokopeshwa trekta. Na tunataka kijana wa Kitanzania asomee kuuza safari, si kuendesha gari la safari tu.

Zaidi ya yote tunataka daftari. TAWA itangaze kila mwaka, kwa Kiswahili, kitalu kwa kitalu: nani amekishika, nani hasa anawinda humo, siku ngapi zimeuzwa, wanyama gani wamepigwa na wa umri gani, fedha kiasi gani zimeingia nchini na kiasi gani zimefika kijijini. Kampuni yenye kufanya kazi kwa haki haitapoteza kitu kwa hilo. Mwenye kupiga kelele, tutajua kwa nini anapiga.

Mkutano mkuu wa kijiji, kwa sheria, hukutana kila baada ya miezi mitatu. Wanachama wetu walioko Liwale, Tunduru, Sikonge, Manyoni, Meatu na kila wilaya yenye kitalu wana mkutano mmoja kabla malori ya Juni hayajapita. Wasimame waombe mapato ya uwindaji ya msimu uliokwisha yasomwe kwa sauti, yabandikwe ukutani pa ofisi ya kijiji, na yaandikwe katika muhtasari. Afisa akisema hana hesabu hizo, hilo nalo liandikwe, kwa jina la ofisi na kwa tarehe, kisha nakala iletwe kwetu tuichape.